Kalamu mpya ya wino: namna ya kuitunza, na kwanini yangu ilinivujia Kitonga

Kalamu yangu ya kwanza ya wino ilinivujia Kitonga, ule mlima wa kona kali njiani kutoka Dar kuja Mbeya. Basi linapandisha zile kona, mbele yetu malori yamejipanga yanatambaa, mi nimekaa dirishani nimeichomeka kwenye mfuko wa blauzi kama mkuu wa shule, nikasikia ubichi hivi kifuani nikajua ni jasho tu maana joto la Ruaha Mbuyuni lilikua limetupika muda si mrefu. Tumefika Ilula, watu wanauziwa nyanya na vitunguu dirishani, mama niliyekaa naye siti moja akanigeukia akasema "pole mwanangu, umevuja". Blauzi nyeupe, mpya, ya Kariakoo. Wino wa bluu umeshuka mpaka kwenye mkanda wa sketi. Nikajifunga kitenge kifuani hivyo hivyo mpaka Mbeya.

Kwanini ilivuja nitaeleza huko chini maana sisi watu wa milimani hiyo habari inatuhusu sana, lakini kwanza nianze na mwanzo.

Mi ni katibu wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, huku Uyole, Mbeya. Kila Jumapili baada ya ibada naandika hisa, marejesho, faini za wachelewaji, nani kakopa na nani kamdhamini, yote kwa mkono kwenye kaunta buku. Na bik jamani, miaka yote ile ya kukandamiza bik, nina sugu kwenye kidole cha kati utafikiri nalima na kijiti. Tulipovunja kikoba Desemba, tukagawana hela zetu, nikasema safari hii sinunui sufuria wala kitenge, nanunua kalamu ya wino. Wenzangu walicheka. Sasa hivi ndo hao hao wananiuliza dada nielekeze na mimi, kijana wangu kaletewa moja na mjomba wake haandiki, wino hautoki. Kwa hiyo naandika mara moja ili nisirudie rudie.

Ioshe kabla hujaiwekea wino

Hapa wengi wanaruka. Kalamu imetoka dukani inang'aa, iko kwenye kiboksi chake, unaona ni safi. Sio safi. Ndani kunakua na mafuta mafuta kidogo ya kiwandani, na viwanda vingine vinaijaribu kwa wino kabla ya kuifunga, ule mabaki unakaukia humo. Mafuta na wino havipatani, ndio maana kalamu mpya kabisa inaandika neno moja inaruka mawili na mwenyewe unaanza kusema nimeuziwa feki.

Fungua kalamu katikati pale inapozungushwa. Utaona upande wa mbele una nibu, yaani ile chuma yenye ncha, na chini ya nibu kuna plastiki nyeusi ina vijistari vijistari kama mapezi ya samaki, hiyo inaitwa fidi, usiidharau, kazi yote iko hapo. Nyuma yake ndo inachomekwa aidha katriji, kile kichupa kidogo cha plastiki kilichojazwa wino tayari, au konveta, ambayo ni kibomba cha kuzungusha au kuvuta kinachofyonza wino kutoka kwenye chupa.

Chukua bilauri ya maji ya baridi, dondoshea tone moja tu la sabuni ya vyombo. Tone moja. Kama una konveta, zamisha nibu yote, fyonza, tema, fyonza, tema, kama mara kumi. Badilisha maji, sasa bila sabuni, rudia mpaka maji yanatoka hayana povu. Kama kalamu yako ni ya katriji tu haina konveta, nenda duka la dawa nunua bomba la sindano la mili 5 au 10, sindano yenyewe weka pembeni usiitumie, ncha ya bomba unaielekeza nyuma pale katriji inapokaa unasukuma maji yapite yatokee kwenye nibu. Hilo bomba ndo kifaa changu namba moja mpaka leo, na bei yake haifiki hata soda.

Maji ya baridi nimesema. Najua mwezi wa sita na wa saba maji ya bomba huku kwetu ukiyashika mfupa unauma, kuna rafiki yangu akaona bora achanganye na ya kwenye chupa ya chai, akatoa kalamu imepinda shingo. Plastiki hizi ni nyembamba, maji ya moto yanazikunja. Na usitie spiriti, usitie jiki, usitie petroli eti ndo inatoa uchafu vizuri. Spiriti inakula baadhi ya plastiki na kuzipasua, jiki inakula chuma. Ni maji tu. Na sabuni tone moja.

Kukausha: kunja tishu weka kwenye kikombe kitupu, simamisha ile sehemu ya mbele nibu ikiangalia chini kwenye tishu, ilale usiku kucha. Tishu itanyonya maji yaliyobaki kwenye vijistari vya fidi. Ukiharakisha ukatia wino asubuhi ile ile ikiwa bado ina maji hakuna kitakachoharibika, ila mistari ya kwanza itatoka rangi ya juisi iliyozidishwa maji.

Wino, hapa ndo nilipofanya ujinga

Wino niliokuja nao kutoka Dar uliisha (mwingine ulibaki kwenye blauzi). Nikaenda duka moja la vifaa vya ofisini mjini, namuuliza kijana una wino wa kalamu, akazama chini ya kaunta akaibuka na kichupa cha zambarau, "wino ni wino dada yangu, huu huu". Nikaamini. Ulikua wino wa mhuri.

Sasa wino wa mhuri umetengenezwa usikauke, si unakaa kwenye kile kipedi miezi na miezi ukiwa mbichi? Basi na kwenye karatasi vile vile haukauki vizuri. Nikaandika ukurasa mzima wa hisa, nikafunga kaunta buku, wiki inayofuata nafungua nakuta hisa za mwenyekiti zimehamia ukurasa wa pili zimekaa kinyumenyume juu ya deni la mtu mwingine. Ugomvi uliotokea siku hiyo nauacha. Na baada ya wiki mbili kalamu ikaziba kabisa.

Nikaipeleka Mwanjelwa kwa mzee mmoja fundi saa, maana nilifikiri anayeweza vidude vidogo ataweza na hiki.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, lete hiyo saa."

"Sio saa baba, ni kalamu."

Akavaa ile lenzi yake ya jicho moja, akaigeuza geuza juani, akacheka mpaka lenzi ikadondoka. "Hii umeilisha nini?" Nikamwambia. Akasema enzi zao makarani wote walikua na kalamu ya wino na hakuna aliyethubutu kuigusisha wino wa mhuri. Akachomoa nibu na fidi kwa kitambaa cha mpira, akaviloweka kwenye kifuniko cha chupa, akaniambia rudi kesho kutwa, uwe umebadilisha... hapana, yeye mwenyewe alikua anabadilisha maji asubuhi, mchana na jioni, na siku ya pili bado maji yalikua yanatoka zambarau. Nilimpa hela akachukua nusu. Ndaga fijo tata, asante sana baba, huko uliko.

Kwa hiyo: wino wa kalamu ya wino ni ule ulioandikwa hivyo kwenye chupa. Quink ya Parker ipo tangu 1931 na ukitafuta unaipata, Pelikan 4001 nayo ni nzuri, mi naagizia Dar inakuja kwa basi. Hii ni wino wa rangi iliyoyeyushwa kwenye maji, ikikauka ndani ya kalamu maji yanaiyeyusha tena inatoka. Usitie wino wa printa. Usitie ule wino mweusi wa kuchorea wa wasanii, wengi wanauita wino wa kihindi, ule una gundi ndani yake na ukikauka kwenye fidi umeshazika kalamu.

Kuna aina mbili za kudumu ambazo unaweza kutumia ukiwa na nidhamu. Moja ina chembe laini sana za rangi zisizoyeyuka, inaitwa pigmenti. Nyingine ni ya chuma, kemikali ya chuma imechanganywa na asidi itokanayo na mimea, ukiandika inaanza imefifia halafu ikipigwa na hewa inakua nyeusi na haitoki tena, Uingereza wameutumia miaka mingi kwenye vitabu vya kusajili ndoa na vizazi. Zote mbili hazitaki kuachwa ndani ya kalamu mwezi mzima. Ya chuma inakula kidogo kidogo nibu za stili, ya pigmenti inaziba. Ukizitumia osha kila wiki mbili tatu.

Mnaniuliza kikoba natumia upi. Hesabu za kawaida naandika na wino wa kawaida. Zile kurasa ambazo mtu anasaini mkopo natumia bik, nasema ukweli. Wino wa kawaida ukimwagikiwa chai unakimbia, na mkopo wa mtu hauwezi kukimbia kwa sababu ya chai.

Bei ya chupa isikutishe. Konveta nyingi zinabeba chini ya mili 1, kwa hiyo chupa ya mili 50 unajaza zaidi ya mara 50. Mi chupa moja inavuka mwaka. Iweke kabatini mbali na jua, mfuniko umekaza. Ukifungua ukakuta juu kuna utando au harufu ya kuoza, huo ni ukungu, mwaga, usionee huruma, maana ukiingia kwenye kalamu kuutoa ni kazi. Watu wa Tukuyu mnaoanikia nguo ndani nusu mwaka mnajua ukungu ulivyo. Na usichanganye wino wa kampuni mbili kwenye chupa moja, mwingine unaganda kama maziwa mgando. Wala usirudishe kwenye chupa wino uliotoka kwenye kalamu.

Katriji nazo angalia kabla hujanunua: Parker ina zake, Lamy ina zake, Pilot ina zake, haziingiliani. Pelikan na Kaweco zinatumia ile saizi ya kimataifa inayoingia kwenye kalamu nyingi. Beba kalamu yako dukani uijaribishe, usiambiwe tu itaingia.

Kuijaza

Konveta ikiwa imekaa kwenye kalamu, zungusha mpaka kibomba kishuke chini. Zamisha nibu yote kwenye wino mpaka ile fidi izame, sio ncha tu, ukizamisha ncha tu unafyonza hewa. Zungusha kurudi juu taratibu. Hesabu mpaka tano kabla hujatoa. Halafu ukiwa bado juu ya chupa rudisha matone mawili matatu, zungusha tena juu ivute hewa kidogo, hiyo inazuia ile dondoo ya ghafla juu ya karatasi. Futa nibu kwa tishu. Kwa katriji we sukuma mpaka usikie ka, funga, simamisha nibu chini dakika kadhaa wino ushuke wenyewe. Usikung'ute kalamu hewani. Ukuta wa sebuleni kwangu una ushahidi.

Mkono wako

Bik ina kagololi mbele na wino wake ni mzito kama mgando, lazima ukandamize ndo kagololi kazunguke. Kalamu ya wino haina gololi. Ile nibu imepasuliwa katikati kamstari kembamba sana na wino unashuka hapo wenyewe, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi bila mtu kuyasukuma. Ukigusisha karatasi, karatasi inanywa. Na kila tone linaloshuka lazima hewa kidogo ipande ndani kuchukua nafasi yake, ndo kazi ya fidi. Kabla hawajalijua hilo vizuri kalamu zilikua zinagoma au zinamwaga. Mmarekani Lewis Waterman ndo aliyepata hati ya uvumbuzi wa fidi inayofanya kazi vizuri, 1884, na mpaka leo wazo ni lile lile.

Sasa ukija na mkono wako wa bik ukakandamiza, zile ncha mbili za nibu zinaachana. Mara ya kwanza zinarudi, ya kumi zinarudi, siku moja hazirudi. Wino ukishakosa njia nyembamba haushuki tena, au unashuka wote. Kwa hiyo legeza. Ilaze kidogo, isisimame wima kama bik, ilale karibu na nusu ya pembe mraba. Uso wa nibu, ule wenye maandishi, uangalie juu muda wote usiipindishe ubavu. Mi ilinichukua wiki kama mbili, na nilijua nimejua siku nilipomaliza mahesabu ya watu 30 na kidole hakiumi.

Karatasi zetu za daftari ni shida kidogo, nikubali. Zile za bei ya chini wino unatawanyika unaota miguu kama buibui na unatokea upande wa pili. Dawa ni nibu nyembamba, zimeandikwa F au EF, na ujue F ya Kijapani ni nyembamba kuliko F ya Ulaya. Kabla hujanunua kaunta buku nenda na kalamu, muombe muuzaji uchore kamstari ukurasa wa mwisho. Wengine wananuna. Wa Kabwe ninayenunua kwake ameshazoea, ananiambia "chora mama kikoba, chora".

Wenye mkono wa kushoto mtapaka, hakuna namna, tafuteni wino unaokauka haraka na muweke karatasi ya kunyonyea chini ya mkono.

Kuiosha kila baada ya muda

Kama unaiandikia kila siku, osha mara moja kwa mwezi au mwezi na nusu. Ukibadilisha rangi ya wino, osha. Kama unajua hutaiandikia wiki mbili zaidi, unasafiri au umepeleka watoto shule umechoka, mwaga wino osha iweke tupu. Kalamu nyingi ninazoletewa hazijaharibiwa na kuandika, zimeharibiwa na kukaa. Mtu ameandika siku tatu za furaha, ameiweka kwenye droo, maji ya kwenye wino yameondoka taratibu imebaki rangi ngumu kama ukoko chini ya sufuria.

Kuosha ni kule kule kwa siku ya kwanza, bila sabuni. Fyonza tema mpaka maji meupe. Ukiona rangi haiishi iloweke nibu usiku kucha kwenye maji safi, asubuhi badilisha. Usichomoe nibu na fidi kama hujui, fundi saa alichomoa kwa sababu ni fundi. Kwenye kalamu nyingi vimekaza na ukivirudisha vikakaa upande umejitengenezea tatizo jipya. Futa na ndani ya mfuniko kwa pamba kwenye kijiti, pale ndo panachafua vidole vya watu halafu wanasema kalamu inavuja.

Huku kwetu kuanzia mwezi wa nane mpaka mvua zianze kuna upepo na vumbi la kutosha. Ukiacha kalamu wazi mezani, vumbi linakaa kwenye ule mpasuko na wino unakauka nchani. Funika. Hata ukisimama kupokea simu, funika.

Sasa Kitonga

Ndani ya kalamu kuna wino na juu ya wino kuna hewa. Ukiijazia Dar, hiyo hewa ina mgandamizo wa pwani. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari na hewa ya nje ni nyepesi, ile iliyofungiwa ndani inatanuka zaidi kidogo ya moja ya tano. Inataka pa kwenda, na njia ni moja tu, nibuni. Inausukuma wino mbele yake. Fidi ile yenye vijistari inaweza kushika wino kiasi uliozidi, ndio kazi yake nyingine, lakini ikizidiwa inamwaga. Na kalamu yangu ilikua nusu, hewa nyingi, nilikua nimeiandikia njiani, basi linarusha, na ndani ya saa moja hivi tumetoka bondeni tuko juu ya mlima. Ingekua ajabu isivuje.

Kwa hiyo ukipanda: ama ijae pomoni, isiwe na hewa ya kutanuka, ama iwe tupu kabisa. Nusu nusu ndo mbaya. Na ikae nibu juu, ili kilicho karibu na njia kiwe hewa, itoke yenyewe bila wino. Kwenye ndege ya Songwe ni hivyo hivyo, ikiwa inapaa shika kalamu wima. Ukishafika, ifungue juu ya tishu, sio juu ya mapaja. Kushuka kwenda Dar hakuna tabu, hewa inasinyaa inavuta ndani.

Baridi nayo inafanya kitu cha jamaa hiyo. Asubuhi ya mwezi wa saba kalamu imelala mezani ni ya baridi kweli, unaishika kwenye kiganja chenye joto, hewa ya ndani inapata moto inatanuka, unaandika mstari wa pili tone linadondoka pwaa. Inatokea zaidi wino ukiwa umebaki kidogo. Wa Makete na Njombe nadhani mnajua zaidi yangu. Mi naiweka mfukoni mwa sweta wakati nakunywa chai, nibu juu, na najaza kabla haijafika robo.

Ikigoma

Haitoki wino na umejaza: angalia kwanza katriji imetobolewa kweli, nusu ya kesi ni hapo. Halafu chovya ncha kwenye maji sekunde mbili, futa, jaribu. Ikishindikana osha kama nilivyosema. Ikiandika vizuri halafu inafifia katikati ya ukurasa, hewa haipandi, fidi ina uchafu, au mafuta ya kiwandani bado yamo, rudi kwenye tone la sabuni. Inaruka sehemu moja moja ya karatasi tu, hapo sio kalamu, ni mafuta ya mkono wako, umetoka kula vitumbua.

Inakwaruza: usishike msasa. Usipitishe wembe kwenye mpasuko, wembe unachana. Washa kamera ya simu, ivute karibu, angalia zile ncha mbili kwa mbele, zinatakiwa zikae sawa kama miguu ya mtu aliyesimama mstarini. Moja ikiwa juu ya mwenzake ndo inakwaruza. Kwa ukucha sukuma ile ya juu ishuke kidogo sana, shikilia sekunde, achia, angalia tena. Kidogo sana nimesema. Kale kavimbe nchani ni chuma kigumu kilichounganishwa hapo ili nibu isilike na karatasi, ukikasugua kikaisha hakuna cha kurudisha.

Ikidondoka sakafuni nibu chini basi pole. Ikiwa imepinda kidogo tafuta fundi mwenye lenzi. Ikiwa imekunjika kama ndoano nunua nibu nyingine, zipo kalamu nyingi nibu inauzwa peke yake na inachomekwa tu.

Kwenye blauzi: maji ya baridi pale pale, usisugue, gandamiza tishu ivute. Mi nilisugua. Sasa hivi ni tambara la kufutia nibu.

Na kuazimisha hapana. Kila Jumapili kuna mtu ananyoosha mkono, "katibu nipe hiyo nisaini", anaigeuza nibu chini juu, anaikandamiza mpaka inalia kri. Nimenunua bik mbili nimezifunga kamba kwenye kaunta buku. Mwekahazina alinuna wiki ya kwanza. Wiki ya tatu akanifuata pembeni akaniuliza ile yangu naipata wapi, na kama kuna ya rangi ya maruni.